Sifa za Gwantwa

Mbonile alimsifu Gwantwa mbele ya bodi mpaka sauti ikamkauka. Alisema tangu aanze kazi hajapata kuona kiongozi wa namna ile. Kila neno lilimchoma lilipokuwa likitoka, lakini alilitoa.

Alitaka Gwantwa aende zake. Hilo tu.

Kiwanda cha kukoboa kahawa cha Hasamba kilikuwa mali ya kampuni, ila Mbonile alikiongoza kama mtu na nyumba yake. Mashine haikuwashwa kabla hajafika. Gari halikutoka bila yeye kulikagua. Fundi akiona mkanda umelegea, alisimama mlangoni kwa meneja kusubiri ruhusa ya kuukaza. Mbonile aliyaita hayo heshima.

Kisha akaletewa Gwantwa awe msaidizi wake, mama wa makamo kutoka Ileje, mpole, asiyependa kukaa ofisini. Mwaka huohuo Mbonile alifiwa na mama yake, akakaa msibani wiki nzima. Aliporudi alitegemea kukuta magunia yamerundikana na watu wanamsubiri kama mvua. Alikuta kiwanda kinanguruma. Kahawa yote ilikuwa imeshakobolewa, tena safi kuliko alivyozoea kuiona. Gwantwa alikuwa amewaambia watu waamue wenyewe mambo ya kazi zao, wamwite wakikwama.

Wafanyakazi walimpa pole ya msiba, wakarudi kwenye mashine. Hakuna aliyemuuliza la kufanya.

Tangu siku hiyo wivu ukamkalia rohoni. Akiwasikia wanawake wanaochambua kahawa wakicheka na Gwantwa, alihisi anachekwa yeye. Siku Watson, fundi wake wa miaka mingi, alipoupita mlango wake kwenda kumtafuta Gwantwa, chakula cha mchana kilimshinda. Nyumbani alimwambia mkewe, Ruti, kwamba yule mwanamke anakitaka kiti chake. Ruti akamuuliza kama amewahi kumsikia akisema hivyo. Mbonile akajibu kwamba mwenye nia hiyo hasemi.

Ndipo kampuni ikatangaza kwamba itafungua kiwanda cha mpunga Msangano, kule bondeni kwenye joto, na kwamba anatafutwa meneja wa kwenda kukianzisha. Mbonile aliomba kuonana na bodi siku hiyohiyo.

Mwenyekiti, Mama Fausta, alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, alimuuliza kama ni kweli kwamba wakati wa msiba kazi haikulala. Mbonile akasema ni kweli, na ni kwa sababu ya Gwantwa. Na ule utaratibu wa mafundi kujiamulia? Wa Gwantwa. Na bei nzuri ya msimu huu? Kahawa ilikuwa safi, akasema, na aliyeisafisha ni Gwantwa. Alijibu upesi upesi, huku akimwona tayari yule mama amepanda gari na mizigo yake, anateremka bondeni.

"Kwa hiyo anaweza kuongoza kiwanda peke yake?" akauliza Mama Fausta.

"Anaweza, mama. Hata kesho."

Wajumbe wakatazamana. Mama Fausta akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la kitenge chake.

"Juzi tulimwita hapa," akasema, "tukamwambia achukue Hasamba, wewe uende Msangano. Alikataa. Alitusihi sana, baba. Alisema mazuri yote ya pale ni kazi ya mikono yako, na kwamba ukiondoka wewe, kiwanda kitakufa."

Akaivaa tena miwani.

"Na sisi tulikuwa tumemwamini, mpaka leo."