Pazia la Kusini

Mwanga wa kwanza ulimpitia Ruihi pembeni mwa jicho akiwa bandani, anakaza waya wa mtego wa kambakoche. Alidhani taa imeyumba, ingawa mlango alikuwa ameufunga kwa ajili ya baridi. Mwanga wa pili ulipopita, upande uleule wa sikio, koleo lilimponyoka.

Jicho lake la kushoto lilikufa miaka sita nyuma. Lilianza hivihivi, kwa vimulimuli, naye akavipuuza wiki nzima kwa sababu kazi zilikuwa zimemzonga. Hili la kulia ndilo alilobaki nalo, na daktari wa kule ng'ambo hakumung'unya maneno: "Ukiona vimulimuli tena, au ukiona pazia linashuka, usingoje kukuche. Ni suala la saa, mama, si la siku."

Akatoka mbiombio kutafuta maji ya kunawa. Juni, kisiwani Rakiura, kusini ya mbali ambako mwezi huo ni kipupwe, saa kumi na moja na nusu jioni ni giza tayari. Akavunja utando wa barafu kwenye pipa, akanawa mara tatu, akainua uso kuelekea baharini.

Pazia lilikuwa limeshuka.

Lilining'inia mbele yake kutoka juu mpaka chini, jeupe la kufifia, likitikisika kana kwamba kuna mtu nyuma yake anatafuta pa kulifungulia. Ruihi aligeuka. Akaingia ndani akipapasa kuta, ingawa kuta alikuwa anaziona vizuri tu, akampigia simu nesi wa kisiwa.

"Keita, limeanza. Hili la pili."

"Keti, Shangazi. Usiiname, usinyanyue kitu," nesi alisema. "Naita helikopta sasa hivi. Na tushukuru umepiga mapema, maana theluji inaingia saa moja. Ikishafunga, hakiruki kitu mpaka kesho mchana."

Ruihi alifunga kibegi: gauni la kulalia, soksi, mswaki. Kisha akakaa jikoni, mikono imemganda mapajani, akatazama kila kilichokuwemo kama mtu anayekariri. Birika. Koti la mumewe, Teone, lililochanika kwapa. Picha ya binti yao, tumbo mbele, mjukuu wa kwanza anasubiriwa Agosti. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Huyo mjukuu atamjua kwa kumpapasa uso?

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Teone alikuwa anahema.

"Ruihi! Wewe umejifungia ndani na huko nje..." Akaona kibegi. "Kulikoni? Unanikimbia?"

"Jicho, Teone. Pazia limeshuka. Helikopta inakuja."

Teone alimkazia macho, kicheko kimemkaba nusu. "Pazia la namna gani?"

"Jeupe. Linatikisika."

Teone alimshika mkono, akamvuta mpaka barabarani, na huko majirani wote walikuwa wamesimama na mablanketi mabegani, nyuso zote kusini.

"Niambie unaona nini."

"Lilelile," Ruihi alisema. "Sasa limeingia kijani kwa chini. Juu kuna wekundu."

"Basi na mimi limeniingia, na hawa wote! Mwanamke, hizo ni taa za kusini. Mzaliwa wa Rakiura, mjukuu wa mabaharia, unazikimbia taa za kwenu?"

"Shangazi amezitoroka taa!" jirani mmoja alidakia, na barabara nzima ikaangua kicheko.

Ruihi alicheka nao huku analia, akimpiga Teone ngumi za kifua. Alikuwa amezitazama taa hizo, mianga ya rangi inayocheza angani karibu na ncha ya dunia, tangu anabebwa mgongoni, lakini hofu ilikuwa imemfuta akili. Akatazama sasa kwa raha yake yote. Zilipanda, zikakunjuka, zikawa nyekundu mpaka maji ya ghuba yakawa mekundu.

Akampigia nesi tena.

"Keita, niwie radhi. Ni taa tu za mbinguni."

"Hata mimi niko barazani nazitazama," nesi alisema. "Lakini, Shangazi, una hakika? Rubani yuko tayari. Aje tu akupeleke, wakuangalie."

Ruihi alimtazama mumewe. Teone alikuwa anatikisa kichwa na kucheka, anafuta machozi.

"Kuna wagonjwa wa kweli wanaoihitaji," Ruihi alisema. "Mwambie azime, akale chakula chake."

Saa moja kasoro upepo ukageuka. Wingu liliingia kutoka magharibi, likazifunika taa upande mmoja baada ya mwingine, na theluji ikaanza kuanguka kwa matonge. Majirani wakatawanyika wakikunja mablanketi.

Ndani kulikuwa na joto. Teone alipakua ndege wa bahari waliochemshwa na viazi, akamwekea mkewe paja lililonona.

"Hili la mgonjwa," alisema.

"Nyamaza, wewe. Sitakaa nisahau hii aibu."

"Na mimi sitakuacha usahau." Akaketi, akavua kofia. "Haya, tushukuru kwanza."

Walishikana mikono juu ya meza. Nje theluji ilikuwa imeziba dirisha lote. Ruihi aliinamisha kichwa, moyo umejaa, akafumba jicho lake ili amshukuru Mungu kwa kuliacha.

Gizani humo, upande wa sikio, mwanga ukapita. Halafu wa pili.