Paswadi ya Bi Hafswa

Watu arobaini na wawili walikuwa wameshamsamehe Bi Hafswa, na kosa lenyewe hakuwa amemfanyia hata mmoja wao.

Kesho yake alikuwa anaondoka na kakake kwenda kuhiji. Wiki nzima alizunguka Magogoni nyumba kwa nyumba, kama wafanyavyo mahujaji, akiomba asamehewe aliyowakosea watu kwa kujua na kwa kutojua. Wote walimwitikia vizuri. Dhahabu, muuza samaki, alimsamehe, kisha akamkumbusha makosa mengine mawili ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshayasahau.

Alibaki mtu mmoja tu, naye wanalala nyumba moja.

Shaza, bintiye wa pekee, alikuwa mbele ya kompyuta ya nyumbani akimchapishia mamake karatasi za safari. Alikuwa bado hajavua koti jeupe la duka la dawa la kule Mjambere, alikoajiriwa kuuza vidonge kwa miaka mitatu sasa. Bi Hafswa hakuweza kulitazama koti lile kwa muda mrefu. Lilimchoma.

Kompyuta ile waliinunua baada ya mumewe kufariki. Kamau, fundi kutoka Changamwe, aliiwekea akaunti mbili: ya msimamizi, ambayo ni ya mwenye nyumba, na ya kawaida, ambayo ni ya Shaza. Alimweleza Bi Hafswa mambo mengi siku hiyo, na katikati akapitisha kwamba msimamizi anaweza kumbadilishia mwenzake nywila hata kama haijui ile ya zamani. Mengine yote Bi Hafswa aliyasahau kabla fundi hajamaliza chai. Hilo hakulisahau.

Haukupita mwezi akalitumia. Alitaka tu kujua binti anaandikiana na nani. Shaza aliporudi akakuta nywila yake inakataa, na mama akamwambia kwamba kompyuta ilisumbua, fundi akaja, akaweka mpya: moja hadi sita. Shaza hakuuliza kitu. Cha ajabu, hata kuibadilisha hakuibadilisha. Basi kila Ijumaa binti akitoka, mama akaingia. Alikuta mapishi, alikuta picha za hina, na hakukuta lolote la kumwaibisha mtu. Aliona haya, lakini Ijumaa ikifika alirudi pale pale.

Ndipo barua pepe ikaingia, bado haijafunguliwa. Chuo kikuu cha Malaysia kilikuwa kimemkubali Shaza akasomee ufamasia kwa miaka minne, ada juu yao, ajibu ndani ya siku saba. Bi Hafswa aliisoma mara tatu. Maombi yenyewe hakuwahi kuyaona humo ndani, akajiambia kumbe mtoto huyu ni msiri kiasi hiki. Kisha akaifikiria nyumba bila Shaza, na yeye akipakua chakula cha mtu mmoja. Akaifuta. Akaifuta tena kule kwenye pipa la barua zilizofutwa, isije ikarudi.

Siku mbili baadaye Shaza alibadilisha nywila. Bi Hafswa alishukuru kwamba barua aliiwahi. Wiki ile ile Shaza akaenda Mjambere kutafuta kazi. Bi Hafswa akajua mtoto amekata tamaa, anadhani chuo kimemkataa kimyakimya.

Angeweza kumwomba Shaza msamaha wa jumla kama wale wengine. Lakini ustadhi aliyewafundisha mahujaji aliwaambia wazi kwamba haki ya mtu uliyemdhulumu haiondoki kwa kuizunguka Kaaba. Umwendee mwenyewe, umtajie, akusamehe akijua anachosamehe.

"Shaza."

"Abee, mama."

Bi Hafswa akamwekea kikaratasi mezani. "Hii paswadi ya akaunti yangu, ile ya kusimamia. Nikiwa siko, uwe nayo wewe." Akakisogeza karibu naye. "Tena nilikukosea, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Dunia na akhera."

"Ngoja kwanza ulijue."

Akamwambia. Alianza na fundi, akaja kwenye zile Ijumaa, akafika kwenye barua. Hakujitetea na hakuacha kitu, hata lile pipa alilitaja. Machozi yalimwagika mpaka mtandio ukalowa, naye hakuyafuta.

Shaza hakushtuka. Alizitoa karatasi za safari kwenye mashine, akazigongagonga mezani mpaka zikalingana.

"Barua ile niliiandika mimi," alisema. "Nilijitumia mwenyewe, kwa anwani nyingine. Nilijua ndiwe uliyekuwa ukiingia."

Bi Hafswa alimtazama, hakuamini. Kumbe hapakuwa na barua. Miaka mitatu alikuwa amebeba mzigo usiokuwapo. Alihisi kifua kikifunguka, pumzi zikashuka, akaketi akitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi hakuna ulichokosa, mwanangu."

Shaza akamkabidhi karatasi zake.

"Fomu za kweli zilikuwa mkobani mwangu, nimeshazijaza," alisema. "Nilitaka kwanza nijue kama utaniwacha niende."