Tangi Jekundu

Kwa mara ya tatu Fawaz alichukua mkebe wa polishi kali, na kwa mara ya tatu Sadiq akamnyang'anya.

"Hii ni ya kukata rangi, bwana! Ukianza nayo utafika kwenye bati." Sadiq alikuwa na kiduka mtaa wa Langoni, hapo mjini Amu, na kazi yake ilikuwa kung'arisha maboti ya wenye nazo. "Anza na laini, kwa pedi ya sifongo. Ikishindwa, ndipo uingie na kali, kwa pedi ya manyoya. Wala usiwe na haraka."

"Haraka ya nini? Mimi nataka usionekane hata mchirizi mmoja."

Michirizi hiyo ilikuwa na kisa. Fawaz alikuwa bodaboda wa kisiwa cha Pate, na pikipiki yake ilikuwa na tangi jekundu ambalo siku ya arusi Nadra aliliinamia akalifanya kioo, akatengeneza wanja. Baadaye jua na chumvi vikalifubaza. Basi asubuhi moja Nadra, masikini wa Mungu, akataka kumfurahisha mumewe. Akatwaa waya wa kusugulia masufuria na sabuni ya unga, akalisugua tangi kama asuguavyo sufuria ya pilau. Fawaz alipotoka akaona, damu ikamchemka, ulimi ukamponyoka: "Nimekuacha!"

Talaka moja. Nadra alifunga nguo zake akaenda kwao Siyu kukaa eda. Mke kuachwa kwa ajili ya tangi la pikipiki! Pate nzima ilimcheka Fawaz, na alistahili kuchekwa. Mwenyewe alilia mpaka akamwonea haya mamake.

Lakini dawa ilikuwepo. Talaka moja ina rejea: maadamu eda haijesha, mume husema "nimekurejea," na mke ni wake vile vile. Eda ikisha, hana lake tena. Fawaz alikadiria miezi mitatu, akawa anapiga mistari ya mkaa ukutani kila siku. Angeweza kwenda siku yoyote. Ila kwenda na tangi lile lile lililochubuka, si kumkumbusha Nadra neno lile lile? La hasha. Angeenda nalo linang'aa, Nadra ajitazame humo tena, ajue yamekwisha.

Mwezi wa kwanza Nadra alimwandikia mara moja tu: "Nina neno, lakini si la kwenye simu. Njoo." Fawaz akadhani ni lawama, akaziogopa. Tangu hapo kila akipiga, Nadra hapokei.

Zilipobaki wiki mbili na ushei, akanunua kwa Sadiq mikebe yake na pedi zake, akarudi Pate. Bahati ikawa boti ya mafuta haikuja wiki ile, pikipiki zote kisiwani, Pate mpaka Siyu, zimelala. Yeye alikuwa na lita nne kwenye mtungi, amezificha kwa safari ya Siyu, hamgusishi mtu. Jumatatu akalifungua tangi, akalipakata barazani kama mtoto.

Polishi laini ilipita juu ya michirizi, isiiguse. Jumanne akaingia na ile kali, polepole, viduara vidogo vidogo kama alivyofundishwa. Adhuhuri ujumbe ukaingia. Nadra! "Njoo leo na pikipiki. Usikawie, tafadhali."

Moyo ulimruka. Kumbe amenikumbuka! Kulirudisha tangi ilikuwa kazi ya nusu saa. Akalitazama. Upande mmoja unameremeta, wa pili bado una ukungu. Akapangusa kidole kimoja, akaandika: "Ijumaa, inshallah. Nina zawadi yako."

Alasiri simu ikalia mara mbili. Mikono yake ilikuwa imejaa polishi, akaiacha ilie. Na tuseme ukweli, alisikia utamu kidogo. Miezi miwili yeye ndiye aliyekuwa akipiga asipokewe. Naye aonje, alijiambia, akaendelea kusugua huku akiimba.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. "Amenuna," Fawaz alicheka peke yake, akapaka nta ya mwisho.

Ijumaa baada ya swala alilifunga tangi, akalijaza zile lita nne, akajipaka uturi, akashika ndia ya Siyu. Mashambani watu waliacha majembe kumtazama apite. Wekundu ule ulikuwa haujapata kuonekana hata pikipiki ilipokuwa mpya.

Bwana Famau, babake Nadra, alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake, amezungukwa na majirani. Fawaz aliegesha pikipiki mbele yao, akaamkia, akaubusu mkono wa mkwewe. Hakungoja hata kukaribishwa.

"Nishuhudieni nyote. Nimemrejea mke wangu."

Bwana Famau aliliangalia tangi. Uso wake ulionekana humo wote, ndevu na macho mekundu.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Eda imekwisha."

"Imekwishaje, Bwana Famau? Zimebaki wiki mbili! Nimehesabu mwenyewe, siku kwa siku!"

"Umehesabu eda ya asiye na mimba. Ya mja mzito huisha siku mimba itokapo, na ya Nadra ilitoka Jumanne, hapo ndiani, tumembeba na kitanda chake kwa miguu kwenda hospitali."