Matanga ya Mtangazaji

Siku hizi mtangazaji akifa, sauti yake, iliyoigwa na kompyuta, hubaki kituoni ikiendelea na kazi. Kwa hiyo kila Jumamosi Respa, mjane wa Wafubwa, alimsikia marehemu redioni akitangaza raga, akishangilia trai na kumtania mwamuzi kama zamani. Aliwaomba kituoni wamnyamazishe. Wakamjibu kuwa mashabiki bado wanampenda.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Wafiwa walikwisha kukaa wanyolewe kimila, lakini mama mkwe akausukuma wembe.

"Mwanangu yuko kazini. Mwaninyolea nini?"

"Mama, tulimzika sote," Respa akasema. "Tumwache apumzike kwa Mungu."

"Apumzike vipi na kelele zote zile? Hebu washa redio!"

Respa akaiwasha. Mechi ilikuwa katika mapumziko, na Wafubwa alikuwa akitoa salamu, sauti changamfu: "Mama yangu kule nyumbani, usiwe na wasiwasi. Msimu ukiisha nitakuja."

"Umesikia?" mama mkwe akacheka, machozi yakimtoka. "Nenda umwekee chakula, mwanamke wewe."

Waliokuja kunyolewa wakainuka mmoja mmoja, nywele zikiwa bado vichwani. Respa akaenda jikoni, akapakua ugali, akaufunika. Kisha akapiga magoti amwombee mumewe, asijue aombe arudi salama au alale pema.