Pazia la New York

Uvumi ulimkwama Mwanaidi kama mwiba wa samaki kooni: ati tangu mtambo mpya wa kuonyeshea uletwe, watu wa sinema za habari za kale wanamwona na kumsikia kila anayewatazama. Shoga yake aliapa kabisa. Mwanaidi akamjibu, "Porojo!"

Mchana akawasha sinema ya New York ya miaka mia na ishirini nyuma, sahani ya pilau mapajani. Humo sinemani, kwenye dirisha la nyumba moja, mama mmoja alikuwa akiwagawia watoto wanne mkate mmoja.

"Zaina, njoo uone! Kumbe Wazungu nao walilamba makombo!" akamwita binti yake, akacheka hadi akapaliwa.

Yule mama akainua macho, akamtazama yeye hasa. Akawageuza watoto waelekee ukutani, akavuta pazia.

Siku hizi kila akiwasha ni pazia tu. Mwanaidi hupiga hodi na kuomba radhi.

"Mama," Zaina akauliza, "na sisi nani anatutazama?"

Basi mama mwenzangu, usiwashe bila hodi. Usile mbele yao. Usicheke shida ya mtu. Na ukigawa kidogo ulicho nacho, usiache pazia lako wazi.