Mguu Mfupi wa Meza

"Na wafua nguo wa hospitali wanasemaje?" mwenyekiti wa kamati aliuliza. "Jumamosi si wanakuwa kazini?"

Baraza la mji lilitaka siku ya kupiga kura ihamishiwe Jumamosi, na kamati haikuweza kukata shauri bila kusikia maoni ya watu. Karani alijua maoni ya wafua nguo yalipo. Asubuhi, meza ya kikao ilipokuwa ikiyumba, alichukua bahasha nene ya kwanza aliyoiona akaisokomeza chini ya mguu mfupi. Nitaitoa kabla hawajaingia, alijisemea. Akapitiwa.

Kuitoa sasa ni kupiga magoti mbele ya madiwani wote, na bilauri zao za maji ziwamwagikie.

"Maoni yao hayakuletwa, mheshimiwa," karani alijibu.

Kwenye benchi la wananchi shangazi yake alisimama. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni. Ndiye aliyezunguka zamu zote tatu kukusanya sahihi na alama za dole gumba, akaifunga bahasha kwa utepe wa shuka kuukuu, akaiacha ofisini kwa karani.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Nilidhani nimeiweka mezani kwake. Uzee huu jamani, sijui nimeiangusha wapi. Nimewaponza wenzangu."

"Pole, mama," mwenyekiti alisema, akaegemeza viwiko mezani. Meza ilitulia tuli.

Karani alitazama chini. Ncha ya utepe mweupe ilikuwa imechomoza. Akaisukuma ndani kwa kiatu, akaandika: *Hakuna maoni.*