Sahihi ya Katibu

Niliporudi kwa baiskeli kutoka Mpui, mvua bado ilikuwa inanyesha. Magunia ya mahindi ya kijiji yalikuwa yanalowa uwanjani, yakingoja lori ambalo halikuja. Watu kama thelathini walisimama kando yake, wameloa chapachapa. Turubai lilikuwa kwenye baraza ya ofisi, limekunjwa vizuri, kavu.

"Mbona hamkufunika?" nilifoka.

Wakatazama ukuta wa ofisi. Ukutani, juu ya turubai, palikuwa na utaratibu nilioubandika mwenyewe, mimi katibu wa kijiji. Nilikuwa nimefikiria kila balaa: lori likiharibika tufanyeje, dereva akiugua aendeshe nani, daraja likibomoka tupite wapi. Mstari wa mwisho ulisema mali ya kijiji isiguswe bila sahihi ya katibu. Katibu asipokuwepo, je? Hilo sikuliandika.

Bibi Emerensiana akasogea mbele. Mwaka jana alilichukua turubai hilohilo bila idhini yangu, akafunika ulezi wetu. Nilimsimamisha mbele ya mkutano wa kijiji, mama wa umri ule, mpaka akaomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Ndugu Katibu. Tulikuwa tunakusubiri."

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa fomu ya idhini niliyowafundisha kujaza. Alikuwa ameikumbatia muda wote ule.

"Weka sahihi hapo chini," alisema.

Niliipokea. Haikuwa na hata tone moja la maji.